Turbo ya Mtumba kwenye Lori la Mahindi: Majibu kwa Yanayosemwa Gereji

Kuanzia Juni hadi mvua zinaporudi, mahindi ya Ufipa husafiri. Yanatoka Laela, Mpui, Matai na Namanyere kwenda ghala za Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula mjini Sumbawanga, na mengine hupitiliza hadi Tunduma. Sehemu kubwa hubebwa na malori ya dizeli yaliyokwisha kula miaka ishirini au thelathini ya kazi: Fuso za injini ya 6D14 na 6D16, Kenta za 4D34, Isuzu za umri huo huo. Lori la namna hiyo likianza kufa nguvu, tajiri na dereva wake husikia maneno mengi kuhusu turbo hata kabla kichwa cha gari hakijainuliwa. Maneno hayo yanawagharimu watu pesa ya msimu mzima, ndiyo maana nayajibu hapa.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Turbo iliyotumika, ikifunguliwa na kujengwa upya ipasavyo, inafaa kabisa kwa lori la zamani la nyanda hizi. Kinachoua turbo kwa kawaida si umri wake. Ni oili inayoletewa na hewa inayopewa, na anayebadilisha turbo bila kuvigusa vitu hivyo viwili atanunua nyingine kabla mahindi hayajaisha shambani.

La kwanza nalisikia zaidi kwa wazee wa barabara: "Huku kwetu ni juu, kuna baridi, injini isiyo na turbo inatosha. Turbo ni ya watu wa masafa ya Dar."

Kuna ukweli kidogo ndani yake, kwa sababu hewa ya baridi ni nzito kuliko ya joto. Lakini mwinuko unapunguza zaidi ya kile ambacho baridi inaongeza. Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hapa kanieneo ya hewa ni asilimia 80 na ushei ya ile ya pwani, na hata baridi yetu ikihesabiwa, hewa inayoingia silinda ina uzito wa kama asilimia 84 tu ya ile ya Dar es Salaam. Chukua injini isiyo na turbo yenye nguvu za farasi 160 pwani. Ikifika hapa ina hewa ya kuchomea dizeli ya farasi 135 hivi. Pampu ya zamani haijui kwamba gari limepanda mlima, inaendelea kupima dizeli ile ile, na ile iliyokosa hewa inatoka kwenye ekzosi kama moshi mweusi. Sasa fikiria njia zetu zenyewe. Lori linaloshuka Muze kufuata mpunga wa bonde la Ziwa Rukwa, au linaloshuka Kasanga kufuata dagaa na migebuka ya Ziwa Tanganyika, linateremka karibu mita 1,000. Kurudi na mzigo linapanda mita hizo hizo, na hewa inapungua kadiri mlima unavyozidi kudai.

Mswisi Alfred Büchi alisajili wazo la turbo mwaka 1905, lakini aliyeonyesha mbele ya macho ya watu thamani yake kwenye miinuko ni mhandisi wa Marekani Sanford Moss. Mwaka 1918 alipandisha injini ya ndege ya Liberty hadi kilele cha Pikes Peak huko Colorado, mita 4,300 hivi juu ya bahari. Injini hiyo ilitoa farasi wapatao 350 nchi ya chini. Kule juu ilishuka hadi kama 230, na ilipofungwa turbo ikatoa 356. Turbo ilipata sifa yake mlimani. Anayesema nyanda za juu hazihitaji turbo ameushika ukweli kwa upande wa makali.

Na jambo hili si geni kwa watu wa hapa. Wafipa waliyeyusha chuma kwenye malungu, matanuru marefu ya udongo yenye kimo cha kuzidi mtu, yaliyovuta hewa yenyewe kupitia matundu ya chini bila mivukuto. Kisha chuma hicho kilisafishwa kwenye tanuru dogo lililopulizwa kwa mivukuto. Injini isiyo na turbo ni lile ilungu refu linalongoja hewa ije, na yenye turbo ni lile tanuru dogo linalopulizwa. Wahunzi walitumia yote mawili kwa sababu walijua kila moto unataka hewa kiasi gani.

Ndugu wa dai hilo ni dai la pampu: "Usihangaike na turbo, fungua pampu uongeze dizeli." Injini ambayo tayari inatema moshi mweusi haina njaa ya dizeli, ina njaa ya hewa. Ukiiongezea dizeli unaongeza joto kwenye pistoni na vali, unaosha oili ukutani mwa silinda, na pesa yako unaitupa barabarani ikiwa nyeusi. Nguvu kidogo utakayoipata utailipa kwa kushusha injini.

Kisha wapo wa upande wa pili, wenye imani kubwa mno: "Turbo inakaa kwenye injini yoyote. Funga tu, itakubali." Na wapo wanaowajibu kwamba turbo inaua injini, basi isifungwe kabisa. Wote wawili wanazungumzia jambo moja bila kulitaja, nalo ni joto.

Kiwanda kinapotengeneza injini ya turbo hakibandiki turbo juu ya ile isiyokuwa nayo na kuishia hapo. Tazama Land Cruiser, gari ambalo kila mtu wa Rukwa analijua kwa ambalansi na magari ya miradi. Injini ya 1HZ, isiyo na turbo, inaminya hewa mara 22.4. Ndugu yake 1HD-T, iliyotoka mwaka 1990 ikiwa na turbo, inaminya mara 18.6. Mgandamizo ulipunguzwa kwa makusudi, kwa kuwa turbo inaleta hewa iliyokwisha kuminywa. Kwenye injini nyingi za malori zenye turbo utakuta pia vinozeli vidogo vinavyorusha oili chini ya pistoni kuipoza, na juu ya pampu kuna diaframu yenye hozi nyembamba kutoka kwenye njia ya hewa, kazi yake ni kuongeza dizeli pale tu hewa inapoongezeka. Fundi anayehamisha turbo peke yake anaviacha vyote hivyo nyuma.

Hata hivyo mwinuko wetu unatupa nafasi ambayo mtu wa pwani hana. Kanieneo ya hapa ni kama bar 0.82. Turbo ndogo inayoongeza bar 0.2 tu inairudisha injini karibu na hewa ya usawa wa bahari, hewa ile ile ambayo injini isiyo na turbo ilibuniwa kuishi nayo. Hapo hujailazimisha kitu, umeirudishia kilicholiwa na mlima. Kwa hiyo kwa lori lisilo na turbo nashauri hivi: kama injini imechoka, tafuta iliyotoka kiwandani na turbo pamoja na pampu yake. Kama injini bado nzima na unataka kuongeza, funga turbo ndogo yenye msukumo mdogo, pampu iache, na weka geji ya joto la ekzosi kabla ya turbo. Nyuzi joto 700 za Selsiasi ni mpaka ambao mimi siuvuki kwa injini ya zamani yenye mzigo mlimani. Turbo ikifungwa hivi haiui injini. Dizeli iliyoongezwa kwa tamaa ndiyo inayoiua, na turbo inabeba lawama.

Dai ninalolichukia kuliko yote, kwa sababu limewafilisi watu wema, ni hili: "Turbo inatema oili, imekufa, nunua nyingine."

Wengi wanadhani ndani ya turbo kuna sili ya mpira kama ile ya kwenye giaboksi. Hakuna. Kwenye shafti kuna ringi nyembamba za chuma, mfano wa ringi ya pistoni, upande wa hewa na upande wa moshi. Ringi hizo peke yake haziwezi kuzuia oili. Kinachoizuia ni kanieneo ya hewa na moshi kutoka nje ikiwa kubwa kuliko ile ya ndani ya nyumba ya bushi, na oili kupata njia ya kutoka upesi. Oili inaingia turbo kwa nguvu ya pampu. Inatoka ikiwa povu, na inatoka kwa uzito wake tu, haisukumwi na chochote. Ndiyo maana bomba la kuingiza ni jembamba na la kurudisha ni nene kama kidole gumba. Ukiliziba lile la kurudisha hata nusu, oili itatafuta mlango mwingine, na milango iliyobaki ni ringi.

Basi kabla hujaihukumu turbo, fuata njia ya oili kurudi nyumbani. Bomba la kurudisha lishuke bila mgongo wala shingo. Lisikunjwe, lisibadilishwe kwa hozi iliyolainika, na lisiingie sampu chini ya usawa wa oili. Fungua gasketi yake. Mara ngapi nimeona gundi ya silikoni imekandikwa pale kwa ukarimu, ikajikunja kwa ndani na kufunga nusu ya tundu! Kwenye milango ya oili ya turbo tumia gasketi kavu. Silikoni haina kazi hapo.

Kisha sikiliza injini yenyewe. Iache iungurume taratibu, fungua kifuniko cha kujazia oili. Kama inapumua kwa nguvu na moshi unasukumwa hadi kwenye dipstiki, ringi za pistoni zimekwisha au njia ya kupumulia injini imeziba. Kanieneo hiyo ya ndani inaizuia oili ya turbo isishuke. Hata turbo mpya ya kwenye boksi itatema kwenye injini ya hivyo, siku hiyo hiyo. Tazama pia manifodi ya moshi kabla ya turbo. Ikiwa imelowa oili huko, oili hiyo imetoka kwenye silinda na turbo imepakaziwa tu. Na kama unyevu uko upande wa hewa peke yake, anza na filta ya hewa. Ikiwa imeziba kwa vumbi, turbo inanyonya kwa nguvu na kuivuta oili ipite kwenye ringi.

Jambo la hatari nisilopita bila kulisema: oili ikijaa kwenye mabomba ya hewa na intakula, injini ya dizeli inaweza kuanza kuinywa kama mafuta. Hapo itapanda resi yenyewe, na kuzima swichi hakusaidii. Dereva awe ameambiwa mapema la kufanya: aingize gia kubwa, akanyage breki hadi mwisho, aachie klachi. Aliye nje azibe mdomo wa hewa kwa ubao mpana. Mkono usiwekwe kamwe, na kitambaa kitanyonywa ndani.

"Shafti inacheza, kwa hiyo imekwisha." Inategemea inacheza vipi. Bushi za turbo nyingi za malori zinaelea juu ya oili, zinazunguka zenyewe, na turbo ikiwa kavu mkononi lazima usikie mchezo mdogo wa kushoto na kulia. Mchezo wa kuvuta na kusukuma kwa urefu wa shafti usiuhisi kwa vidole. Feni isiguse ukuta wake hata ukiisukuma pembeni huku ukiizungusha. Hivyo tu.

Wauzaji wa spea nao wana lao: "Matundu ya bolti yanaingia, basi ndiyo yenyewe." Bolti zinaonyesha kwamba turbo itakaa, hazionyeshi kwamba itafanya kazi. Turbo kubwa kwenye injini ndogo inachelewa kuamka. Dereva anaanza mlima wa kutoka bondeni kwa gia ya pili, injini iko chini, hewa haijaja, dizeli imeshakuja, moshi unatanda na joto linapanda. Ndogo kupita kiasi inawahi kuamka lakini inazungushwa kupita uwezo wake. Hapa juu hatari hiyo ni kubwa kuliko pwani, kwa sababu hewa ikiwa nyepesi turbo inalazimika kuzunguka kasi zaidi ili kutoa kanieneo ile ile. Wanaofunga njia ya kupunguzia moshi kwa waya ili "ivute zaidi" wanaiondolea turbo breki yake ya pekee.

Kwa hiyo soma kile kibati kidogo kilichogongwa namba kwenye nyumba ya hewa, na ulinganishe na cha turbo ya zamani. Kibati kikiwa kimeng'olewa, mimi siinunui, hata muuzaji aapie. Kisha angalia makali ya feni ya hewa. Yakiwa yamelika na kuwa butu, turbo hiyo ilikula vumbi, na bushi zake zimeishi maisha hayo hayo. Tazama ndani ya nyumba ya moto kwa tochi. Mstari mdogo wa ufa juu juu unaweza kuvumilika, lakini ufa uliopita ukuta mzima au uliofika kwenye uso wa gasketi haujengeki. Habari kwamba imeshuka kutoka Japani au Dubai haiongezi chochote kwenye uchunguzi huo.

Kuhusu kuondoa filta ili injini "ipumue", jibu ni fupi. Vumbi la njia ya Muze wakati wa kiangazi, likipigwa na feni inayozunguka kasi hiyo, ni msasa. Linakwenda kumaliza na ringi za pistoni, kisha tunarudi kwenye oili inayotemwa na turbo iliyohukumiwa bure. Nunua filta, na kaza klipu za hozi iliyo kati ya filta na turbo, kwa sababu ufa kwenye hozi hiyo ni sawa na kutokuwa na filta.

Sasa dai la mafundi wenzangu, nalo nalijibu kwa heshima kwa sababu linatokana na uhaba wa vifaa: "Badilisha kiti tu, bushi na ringi. Balansi ni ya wenye pesa."

Hesabu ndiyo inayokataa. Shafti ya turbo ya lori inaweza kufika mizunguko 100,000 kwa dakika, yaani zaidi ya 1,600 kwa kila sekunde. Kwa kasi hiyo, gramu 0.1 iliyozidi upande mmoja wa feni, sentimita 3 kutoka katikati, inavuta kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 33. Inavuta huku na huku kila mzunguko, juu ya utando wa oili mwembamba kuliko unywele. Bushi mpya hazitamaliza wiki. Kwa sababu hiyo hiyo nakataa bushi za kukereza kwenye mashine ya mtaani kutoka kipande cha shaba. Nafasi inayotakiwa inapimwa kwa sehemu za mia za milimita, na matundu ya oili hayawekwi kwa kukisia.

Kama mashine ya balansi haipo karibu, kuna njia mbili za uaminifu. Ya kwanza ni kulinda balansi ya kiwandani: kabla ya kufungua, weka alama kwenye nati, feni ya hewa na ncha ya shafti, ili kila kimoja kirudi mahali pake hasa. Feni zisiguswe kwa msasa wala brashi ya waya. Ziloweke kwenye dizeli au mafuta ya taa na kaboni itoke kwa brashi laini. Pima shafti kwa maikromita mahali bushi zinapokaa, na ikiwa imelika au imegeuka bluu kwa joto, usiendelee. Njia hii inafaa kwa turbo ambayo feni zake ni nzima. Feni ikibadilishwa, au jino moja likiwa limepinda, fuata njia ya pili: fungasha katriji peke yake, yaani ile sehemu ya kati yenye shafti na feni zake, uitume kwa basi kwa fundi mwenye mashine, nyumba mbili zikibaki kwako. Katriji hubebwa na mkono mmoja. Nauli ya kifurushi ni ndogo mbele ya turbo ya pili.

Wakati wa kuifunga ndipo haraka inapoharibu kazi nzuri. Osha intakula na mabomba yote ya hewa, maana vipande vya feni iliyovunjika hubaki humo vikingoja injini. Bomba la kuleta oili libadilishwe au lizibuliwe hadi lipitishe mwanga, pamoja na bolti yake yenye tundu, kwa sababu kaboni hujificha hapo. Mwaga oili ya zamani, weka mpya na filta mpya. Mimina oili safi kwenye mdomo wa turbo huku ukizungusha feni kwa kidole. Kisha vuta kizimio ili dizeli isiingie, piga stata kwa vipindi vifupi hadi oili ionekane ikitoka kwenye njia ya kurudi. Ndipo ufunge bomba na kuwasha. Turbo inayozunguka kavu kwa sekunde chache za mwanzo imeshaanza kufa, hata kama itachukua mwezi kuonyesha.

Limebaki la madereva: "Ukifika, piga resi moja kubwa ndiyo uzime." Hii ni mbaya kuliko kuzima ghafla. Resi inaipeleka shafti juu, injini inazimika, pampu ya oili inasimama, na shafti inaendelea kuzunguka bila oili. Wanaoacha gari liungurume nusu saa nao wanachoma dizeli bure na kuzijaza nozeli masizi. Baada ya mlima mkali dakika mbili au tatu bila resi zinatosha oili kuondoa joto la bushi lisiigeuze kuwa kaboni. Asubuhi za Julai, Sumbawanga ikiwa na baridi na oili ikiwa nzito, washa na usubiri kama dakika moja kabla ya kukanyaga, kisha nenda taratibu mpaka injini ipate joto. Dereva aliyetoka Muze na mpunga, akaendesha kilomita za mwisho za kuingia mjini kwa mwendo mdogo, ameshaipoza turbo njiani. Akifika sokoni anaweza kuzima baada ya dakika moja na kuanza kushusha.